Ukurasa Uliofutwa

Kazini walimwita Mama Mwongozo, kwa kuwa ndiye aliyeandika maelezo ya injini, yaani programu ambayo watu huitumia kutengeneza na kubadilisha michezo ya kompyuta, na ndiye aliyejibu maswali yao. Jumatatu asubuhi meneja alimjia amenuna.

"Futa ule ukurasa unaosema mchezo huganda wachezaji wakizidi ishirini. Unatuaibisha."

"Kwani tatizo limesharekebishwa?"

"Bado."

"Basi sifuti."

Meneja akaufuta mwenyewe. Kufikia mchana maswali yalikuwa yanamiminika: mchezo umeganda, tufanyeje? Mama Mwongozo alikunja mikono ya blauzi, akamtumia kila aliyeuliza ukurasa uleule mzima kutoka nakala yake, bila kupunguza hata nukta. Kazi aliihitaji, lakini hakuacha.

Siku ya tatu meneja akasimama mbele ya meza yake. "Unanipanda kichwani, mama?"

"Najibu maswali, bosi. Si ndiyo kazi uliyoniajiria?"

Wenzake waliinamia kompyuta zao wakibana vicheko. Meneja alisonya, akaenda zake. Alasiri hiyo ukurasa ulirudishwa, na mafundi wa programu wakaambiwa waanze kuirekebisha injini.