Magugu Maji kwenye Kizimba cha Majivu

Wifi yangu Wilhelmina alitoka Igombe na ndoo ya sato, kapu tupu na gunia linalochuruzika maji, akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu Kiseke wakati mimi niko kanisani. Hilo la kanisani nalitaja mapema kwa sababu baadaye alitaka kulifanya ndilo kosa. "Ungekuwepo ungenizuia," alisema. Yaani mtu asiende kusali, abaki kulinda nyumba yake na wifi yake.

Mimi si mtu wa hasira. Nimelea watoto, wajukuu, bata na mume mmoja mkaidi, na kupayuka sijui. Lakini safari hii nilikasirika, na hata ninapoandika haya haijanitoka yote.

Nina sungura jike anaitwa Majivu. Ukoo wake uliletwa na marehemu Shigela, mume wangu, kutoka ng'ambo ya Busisi, enzi za kivuko, kwenye kapu alilolifunika kwa koti lake la mvua huku mwenyewe analowa. Wenzake wengine tulikula, wengine kicheche aliwamaliza. Akabaki Majivu, naye amezeeka. Venant, bwana mifugo wetu, aliniambia uzao huu uwe wa mwisho, nisimpandishe tena. Kwa hiyo vile vitoto saba alivyozaa ndivyo vilivyokuwa ukoo mzima. Vikifa, Shigela alilowa bure.

Ndiyo maana nilivilea kama yai. Kitoto cha sungura kikifumbua macho na kuanza kutoka kwenye manyoya ya mama yake, kinaonja kila kitu. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanadhani kinaomba mboga. Tumbo lake bado linajua maziwa tu. Unaliachia mama yake, na unaweka nyasi kavu, ukoka uliokatwa kabla haujatoa mbegu, ukaanikwa kivulini mpaka ukiushika unalia kwa wepesi na bado una harufu tamu. Nyasi hizo zisikosekane, na maji safi yasikosekane. Chakula cha punje ni kidogo sana, unakiongeza taratibu. Jani bichi linakuja mwisho kabisa, tena kipande cha ukubwa wa ukucha, limenyauka, halina umande, na ukishatoa unakaa unachungulia kinyesi. Kikiwa kigumu kama pilipili manga, umefaulu. Kikilegea, unarudi kwenye nyasi kavu na unanyamaza.

Haya yote nilikwisha kumwambia Wilhelmina, maana nilikuwa nimemuahidi jozi moja ya vitoto hivyo. Alicheka. "Wifi, wewe ungekuwa na hospitali, wagonjwa wangekufa njaa."

Basi nimetoka kanisani, nafungua mlango wa uani, nakuta kizimba kimejaa kijani mpaka kwenye wavu. Magugu maji. Yale yale yanayoziba mialo yetu huku ziwani, yenye vikonyo vilivyovimba kama vibofu, na maji yanadondoka chini tip, tip. Vitoto vimezama humo, vinatafuna. Wilhelmina amekaa kwenye kigoda anapara samaki, magamba yamemrukia mpaka kwenye kilemba.

"Shikamoo yangu kwa sungura wako hiyo," akasema. "Leo wamekula kama watu."

"Umewapa saa ngapi?"

"Tangu nilipofika. Gunia lote limeisha. Nilikuta umewawekea nyasi za kuezekea nyumba, nikaona aibu. Nguruwe wetu kule mwaloni wanakula haya kila siku, wananenepa mpaka hawageuki."

"Wilhelmina, hawa ni nguruwe?"

"Mama Obedi, usianze. Hawa ni sungura wa kaka yangu. Mimi nikija kwa kaka yangu sikai kama mgeni, nashika kazi."

Hapo ndipo moyo uliponigeuka. Kwao ni kweli, dada wa mume akija ana sauti kwenye mji wa kaka yake, anaingia jikoni bila kuuliza, anafunua chungu, anaongeza chumvi. Kwa miaka yote nimekubali. Ameongeza chumvi kwenye mboga zangu nyingi, nami nikala. Lakini kizimba si chungu.

Niliingia kizimbani kwa magoti nikatoa yale majani yote kwa mikono, nikapangusa sakafu kwa matambara mpaka ikakauka, nikarudisha ukoka. Yeye anapara samaki, anaimba.

Jioni haikufika. Kitoto kimoja cha kijivu kilijikunja pembeni, tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma, kinasaga meno. Sungura hana sauti ya kulia, akiumwa anasaga meno. Nikampigia Venant. Akaniambia nimeshafanya lililopo: nyasi kavu, maji, joto, kisicho na nguvu nikidondoshee maji mdomoni taratibu, na asinidanganye, vingine vitaondoka.

Viliondoka. Asubuhi viwili vilikuwa vimekakamaa, mikia imelowa. Kabla ya jua kuzama kingine, halafu kile cha kijivu kilichokuwa kinanipandia kidoleni. Nilichagua mahali pa kuvizika nyuma ya choo, nikamwita Wilhelmina aje ashike jembe.

"Wifi, mimi sikujua," akasema.

"Nilikuambia. Kujua ulijua. Hukuniamini."

"Sasa unanipiga jembe au?"

"Chimba."

Alichimba. Sikumsaidia, na mgongo wake mbovu naujua. Samaki wake niliwapa majirani.

Vikabaki vitatu. Kwa siku kadhaa sikuongea naye zaidi ya "pisha" na "lete maji". Yeye, bila kuambiwa, akawa anakwenda nyuma ya uwanja wa shule na mundu, anarudi na ukoka, anauanika. Ule wa kwanza aliuanika juani kwenye bati, ukawa mweupe kama karatasi. Niliumwaga mbele yake. Wa pili akaurundika, ukafuka joto katikati na kunuka ukungu. Nao nikaumwaga.

"Unanitesa," akasema.

"Nakufundisha. Ni kitu kimoja leo."

Siku nilipochungulia kizimbani nikakuta pilipili manga ngumu, kavu, zimetapakaa kila kona, nilikaa chini pale pale. Majike wawili na dume. Ukoo upo.

Wilhelmina alifunga mzigo kesho yake. Bodaboda amefika, yeye amesimama na kapu tupu, kapu lenye mfuniko, amelileta tangu Igombe.

"Wifi, nasubiri jozi yangu. Uliahidi. Na wifi haondoki mikono mitupu."

"Huondoki mitupu."

Nikaingia ndani nikamtolea gunia. Akalipokea, likawa jepesi mpaka akayumba. Akalifungua, akaingiza pua.

"Nyasi."

"Kavu. Hivyo ndivyo zinavyotakiwa kunuka. Ukaushe za kwako, uniletee nizinuse. Zikifanana na hizo, nitakupa kitoto kimoja. Cha pili cha jozi yako umeshakizika."

Dereva wa bodaboda akaangalia pembeni. Wilhelmina akaanza, "Kaka yangu...", kisha akafunga mdomo wa gunia. Akapanda na gunia lake mapajani, kapu tupu begani.

Nami nikarudi uani, nikafunga kizimba kwa kufuli, ufunguo nikautia kwenye pindo la khanga.