Msimlilie Matengu

"Atakayetoa chozi hapa leo," alisema Shangazi Namukolo, "nitamtoa nje kwa mikono yangu hii. Huko nje akalie anavyotaka, ila jina la kaka yangu asilitaje."

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mtumbwi wa Matengu ulikuwa umelazwa uani, ubavu umepasuliwa na kiboko, na mwenyewe hayupo. Alitoka Jumamosi jioni kutazama nyavu zake, na alfajiri mtumbwi ukaokotwa umepinduka, mbali kule mto Chobe unakoteremkia. Simu yake haipatikani. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana, na katika kijiji kile yalitosha kuanzisha mwiko. Mtu akichukuliwa na mto haliliwi. Mke halii, mtoto halii, yowe halipigwi, wala jina lake haliitwi karibu na maji, kwa sababu mto ukisikia vilio unajua mmeshamkatia tamaa, basi unamchukua jumla. Mkinyamaza, huenda ukamrudisha. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kachekee kwenu.

Sibeso, binti pekee wa Matengu, alikuwa amechutama kando ya mtumbwi, ameshika mbao zilizovunjika.

"Shangazi, twende polisi basi. Au kwa askari wa hifadhi. Wana boti za kasi wale, wana mpaka ndege."

"Ukawaambie nini?"

"Kwamba baba amepotea."

"Watakuuliza jina, wataandika, na wakishaandika wataanza kutafuta maiti. Hiyo si kulia hiyo? Kulia kwa kalamu! Hebu niondolee balaa, mtoto we." Kisha sauti ikampungua kidogo, maana naye alikuwa na roho, na aliyepotea ni kaka yake wa tumbo moja. Akamshika Sibeso kidevu. "Jikaze, mwanangu. Kesho nenda kazini kama siku zote. Ukijifungia ndani, mto utajua."

Wanaume wakatoka kutafuta. Walishuka na mitumbwi kuelekea kule ulikookotwa ule wa Matengu, wakapekua matete kwa kafi, kimya, bila kuita hata mara moja. Mtu anamtafuta mwenzake bila kumwita! Nimeishi na watu hawa miaka mingi na nawapenda, lakini hapo ndipo huwa natamani kumkunja mtu shati. Wakarudi jioni wamelowa, hakuna aliyeuliza wala aliyesimulia, na wanawake wakapakua ugali wa mtama kama vile mwenye nyumba amekwenda sokoni.

Sibeso alikuwa nahodha wa boti ya watalii. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache walioshika usukani ndani ya hifadhi, na watu wa gatini walimheshimu kwa hilo, ingawa hawakuacha kumtania. Jumatatu alipofika gatini, msimamizi wake, Tshenolo, alimvuta pembeni. Kule watu huitana kwa heshima mma na rra, yaani mama na bwana.

"Nimesikia, mma. Pole sana. Lakini nakuomba, wageni wasisikie. Mgeni akiambiwa mamba kala mtu, jioni anafunga sanduku."

"Hakuna aliyesema mamba, rra."

"Basi vizuri. Na hilo tabasamu lako usilisahau."

Hakulisahau. Alishika kipaza sauti akawaonyesha tembo wakivuka kwenda kisiwani, mikonga juu, watoto katikati. Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakamwita hodari. Hawakujua kwamba macho yake yalikuwa majini. Alipeleka boti kila fungu la mchanga ambako mamba huota jua, akazima injini, akaiacha isogee karibu kuliko ilivyoruhusiwa. Huku mdomo ukieleza meno ya mamba ni mangapi na yule mkubwa ana umri gani, yeye alikuwa akitazama matumbo yao. Alitazama wanachodonoa korongo. Kila gogo lililoelea lilimkata maini, na lilipogeuka kuwa gogo kweli, hakujua ashukuru au avunjike moyo. Alikuwa anatafuta maiti ya baba yake mbele ya watu waliolipa wafurahi. Kuna kazi duniani, jamani.

Jumanne ilikuwa vilevile. Siku hiyo boti ilikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Ujerumani, Gudrun, mwalimu mstaafu, mwenye kamera kubwa kama chungu cha pombe. Alikuwa na mumewe, mzee mpole aliyelala usingizi nusu ya safari.

"Nahodha wetu anawapenda mamba kuliko mumewe," Gudrun alitania.

"Sina mume, ndiyo maana nina nafasi," Sibeso alijibu, na boti nzima ikaangua kicheko.

Nyumbani kila jioni Shangazi Namukolo alimkagua macho. Alimsogeza penye mwanga, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, kama mtu anayemkagua mbuzi wa mnada. Jumatano ilimshinda. Alijifungia bafuni akaing'ata taulo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nini hicho?"

"Sabuni, shangazi."

"Sabuni gani inaingia macho yote mawili?"

"Niliosha uso wote, au nioshe nusu?"

Shangazi akageuka haraka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sibeso akaona kwamba hata yeye alikuwa anashikilia kwa kucha tu.

Alhamisi alasiri, Gudrun na mumewe walirudi kwa safari ya pili. Boti ilikuwa imetoka gatini, inapita taratibu kando ya matete, Gudrun akaja kusimama karibu na usukani na kamera yake.

"Nisaidie jina la ndege huyu. Nilimpiga picha juzi, sikuandika jina lake."

"Huyo keremkerem. Wanachimba mashimo kwenye kingo hizi."

"Na huyu?"

"Furukombe. Huyo nilikuonyesha mimi."

Gudrun akaendelea kubonyeza. Tembo. Tembo tena. Mumewe amelala. "Na huyu hakuwa ndege," alisema akicheka. "Huyu alinifurahisha sana. Wewe ulikuwa unatuonyesha yule mamba mkubwa upande wa pili, na mimi nikageuka nikamwona huyu kwenye kisiwa. Watu wa huku ni wakarimu mno! Alitupungia kwa shati lake, anapunga, anapunga, hachoki. Tukampungia boti nzima."

Kwenye kioo kidogo cha kamera kulikuwa na ukingo wa kisiwa, nyasi ndefu, na mtu mwanamume kifua wazi. Ameegemea fimbo kwapani, kama mtu asiyeweza kukanyaga mguu mmoja. Mkono mwingine umeinua shati. Na pembeni ya picha, karibu sana, ulikuwepo mkono wa mtu aliyekaa penye usukani, nao umeinuliwa.

"Mkuze," Sibeso alisema.

"Samahani?"

"Huyo mtu. Mkuze, tafadhali, mama."

Gudrun akamkuza. Sibeso hakuhitaji kutazama mara mbili. Akazungusha usukani ghafla hata soda za wageni zikamwagika.

"Kuna nini? Simba?" mtu mmoja aliuliza nyuma.

"Ni baba yangu," Sibeso alisema. Alikuwa hajatamka neno hilo mtoni tangu Jumapili. "Baba yangu mzazi. Shikilieni."

Akaifungua injini mpaka mwisho, ndani ya hifadhi ambako hata mawimbi yana sheria yake. Walipokaribia kisiwa alianza kuita. Aliita "Baba!", akaita "Matengu!", akaliita jina lile juu ya maji kwa sauti yake yote, na kama mto ulisikia, basi na usikie. Akaipandisha boti kwenye tope, akaruka.

"Usikimbie hivyo," sauti nyembamba ilisema kutoka kwenye nyasi. "Kuna tembo mwenye mtoto huko nyuma."

Alikuwa chini ya kichaka, mdomo umepasuka kwa jua. Goti lilikuwa limevimba kuliko kichwa cha mtu, na chini yake nyama ilikuwa imeshabadilika rangi. Harufu ilimfikia Sibeso kabla hajapiga magoti. Kando yake kulikuwa na mizizi ya yungiyungi iliyotafunwa nusu. Mume wa Gudrun, yule mzee wa usingizi, ndiye aliyeshuka wa kwanza kwenye tope na viatu vyake vizuri, akamshika Matengu mabega. Wakambeba kwenye godoro la kiti.

Njiani Matengu alikunywa maji kidogo kidogo, akafumba macho, homa ikimtikisa. Sibeso aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka kifuani kwa baba yake. Gudrun alikuwa amekaa sakafuni karibu nao, analia waziwazi.

"Mama," Sibeso alimwambia bila kugeuka, "ile picha usimwonyeshe mtu. Nakuomba."

"Mimi pia nilipunga," Gudrun alisema. "Nilicheka nikapunga." Akaiingiza kamera kwenye mkoba, akafunga zipu, na hakuitoa tena.

Hospitalini mguu ulikatwa usiku uleule, juu ya goti. Asubuhi ya Ijumaa daktari alimwita Sibeso koridoni, akamweleza kwa upole. Mfupa wenyewe haukuwa mbaya sana, alisema. Angeletwa siku mbili tatu kabla, wangeunyoosha, na angetembea. Sibeso aliitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno, kisha akarudi wodini kusimama na wenzake.

Wodini kulikuwa na sherehe. Shangazi Namukolo alikuwa amepiga vigelegele mpaka muuguzi akatishia kumfukuza.

"Nani alinibishia?" aliuliza, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. "Semeni! Nani alitaka polisi? Tumenyamaza, tumejikaza, na mto umerudisha wa kwetu!"

Matengu alifumbua macho. Alikuwa dhaifu, lakini alitabasamu, akamtafuta binti yake kwa macho hadi akampata.

"Si mto, dada," alisema. "Ni huyu hapa."

"Tunajua, tunajua, alikuleta."

"Hamjui. Ngoja niwaambie." Akalamba midomo. "Nimeita tangu Jumapili mpaka sauti ikakauka. Niliona mitumbwi ya watu ikipita kule chini, hawaiti, hawasikii, nikasema leo wote wamekuwa mabubu. Jumanne ikapita boti ya mwanangu. Nikajikokota mpaka ukingoni, nikavua shati, nikapunga. Na mwanangu akaniona. Akanipungia."

Wote wakamgeukia Sibeso. Mikono yake alikuwa ameifumbata tumboni.

"Nikasema basi, nimepona," Matengu aliendelea. "Ana wageni, hawezi kuwatupa porini, atawashusha kwanza kisha atanifuata. Nikaacha kupiga kelele. Jumatano zilipita boti mbili karibu kabisa, wala sikujisumbua kuinuka. Ya nini? Mwanangu alishaniona."

Shangazi Namukolo alikuwa bado ameinua kidole. Aliushusha mkono polepole.

"Jumanne?" aliuliza. "Sibeso, Jumanne ulimwona?"

"Msimsumbue mtoto," alisema Matengu, akinyoosha mkono wake kumtafuta binti yake. "Kazi ilimbana tu. Si ndiyo, mama? Kazi ilikubana?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa kusema ni ndiyo, na wangemlaumu Tshenolo, wangewalaumu wazungu, na mambo yangekwisha. Sibeso aliushika mkono wa baba yake.

"Sikukuona, baba."

"Lakini ulipunga," alisema Matengu. "Nilikuona kwa macho yangu. Uliinua mkono."

"Napungia kila mtu, baba."