Mafuta Kifuani mwa Kabeya

Mume wangu Kabeya anaendesha treni, na mwaka huu wakubwa wake walidai cheti cha moyo. Bila cheti, hakuna kazi. Mimi Émerence nina aibu zangu, sikukubali aende kwa daktari na ngozi iliyopauka kama unga wa muhogo. Nilimsugua vaselini kifuani, mikononi na miguuni mpaka nzi akitua anateleza.

Daktari Ngondo ana mashine mpya ya kupima moyo, na anaisifu kuliko anavyowasifu wanawe. Alimbandika Kabeya vibandiko vyake. Katikati ya kila kibandiko huwa kuna ute wa kupitisha umeme wa moyo kutoka kwenye ngozi. Vile vilikuwa vimeshabandikwa vifuani mwa wagonjwa wa wiki nzima, ute umekauka, vinashikiliwa na plasta. Mashine ikachora milima na mabonde. Daktari akatamka kwamba moyo ni mbovu na kuendesha treni ndiyo basi. Machozi yakanitoka. Mwezi wa tano karatasi kama hiyo ilimfukuzisha kazi Chadrack, mwenzake Kabeya, na sasa anauza makaa sokoni.

Sephora, muuguzi, akanong'ona kwamba ngozi ina mafuta. Daktari akajibu kwamba mashine haidanganyi, na ili kutuaibisha akavua shati, akajibandika vibandiko vile vile. Kumbe naye asubuhi alijipaka mafuta. Karatasi ikatoka na mstari mmoja ulionyooka kama reli. Kwa mashine yake mwenyewe, daktari alikuwa marehemu, tena marehemu anayetoka jasho. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Sephora hakungoja ruhusa. Alimwosha Kabeya kwa sabuni, akamsugua kwa taulo kavu, akafungua pakiti mpya iliyokuwa imefichwa kabatini kwa ajili ya waheshimiwa. Safari hii mistari ilitoka safi, imepangana vizuri. Moyo ni mzima. Daktari akasaini cheti huku anafunga vifungo vya shati.

Ningeshukuru tu na kuondoka, lakini roho ilinisuta kwa ushauri niliompa mke wa Chadrack.

"Docteur, na Chadrack?" nikauliza. "Minyi njo nilimwambiaka bibi yake amupake mafuta."

"Dossier yake ilisha kufungwa, mama," akasema kuhusu faili hilo bila kuniangalia.

Nikachukua kipande cha sabuni kwenye karai, nikakitia mkobani, nikaenda sokoni kumtafuta Chadrack.