Mbuzi wa Mabua Langoni mwa Gävle

Usiku wa jana niliota nimefungua mlango wa jikoni kwangu Muheza nikatokea Gävle, mji wa kule Sweden anakoishi binti yangu Nasiha. Kajifungua wiki hii. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kumpakata mjukuu wangu.

Langoni amesimama mbuzi wa mabua, mrefu kupita paa la msikiti wetu. Namwamkia. Ananiambia kazi yake ni kuwaeleza wageni habari za mji, basi nitulie. Nikatulia. Mbuzi nimewafuga miaka mingi, najua wanavyopenda kusikilizwa.

Akataja mto. Mto ukaja na madaraja yake, ukaniomba radhi kwa kunilowesha viatu. Akataja bandari, nayo ikaja. Akataja kasri, likachelewa, likafika linahema. Watu ni laki moja hivi, akasema, na ndipo akainamisha pembe.

"Bibi, huu ni mji wa ukubwa wa kati. Ukiingia wewe, hesabu itapita, utakuwa mji mkubwa."

"Mwanangu, mimi nina kilo arobaini na nane."

"Nafasi ya mwisho kaichukua mjukuu wako."

Nikauliza kama hakuna wa kutoka kidogo. Mbuzi akawauliza watu wote wa mji kwa pamoja. Wakajibu kwa adabu kwamba wapo kwenye kahawa na vitumbua vyao, na huko mtu hainuliwi kwenye kahawa.

Nikakaa chini kusubiri. Mto ukarudi kwake. Mbuzi naye akaanza kunisimulia shida zake, kwamba wanamjenga kila Desemba na mara nyingi anatokea mtu anamchoma moto.

"Wewe unahesabiwa?" nikamuuliza.

"Nahesabiwa."

"Basi nenda kwangu, mimi niingie."

Akafikiri. "Kwenu mbuzi hawachomwi?"

"Wanachomwa wenye nyama. Wewe nyama unayo?"

Akapita mlango wa jikoni kwa ubavu, akaacha mabua kizingitini.

Nikaingia. Hapo hapo nipo chumbani kwa Nasiha, mtoto yuko begani, nampigapiga mgongo acheue. Ndipo nikakumbuka sikumwambia yule mbuzi kwamba nyumbani nina mbuzi sita, na mabua hawayaachi. Nikaona nimalize kwanza kumcheulisha mtoto.

Nikaamka. Bega la kushoto la gauni langu limelowa maziwa, bado ya vuguvugu. Na nyumba hii haijalala mtoto mchanga tangu Nasiha mwenyewe.