Mji wa Kumpa Sisimizi

Chuoni walimwita Askofu, ingawa alikuwa msichana mwembamba asiye na kanzu wala fimbo. Jina alilipata kwa kuomba. Aliombea mitihani, akaombea kiti kilicholegea mguu, na siku mashine ya kutoa nakala ilipokwama, aliiwekea mkono juu, ikakohoa, ikaendelea na kazi. Tangu hapo wenzake wa darasa la ustawi wa jamii hawakumwita jina lingine.

Kuomba si kosa, na chuo chenyewe kilikuwa cha kanisa. Kosa lilikuja walipotumwa kwenye nyumba za watu kujifunza kazi. Askofu alipelekwa kwa mzee mjane aliyeishi peke yake. Hata hajakaribishwa vizuri, akafumba macho, akaanza. Akamwombea mzee miguu, akamwombea mgongo, akauombea na ukoo mzima. Alipofumbua macho, kiti kitupu. Mzee alikuwa keshafika dukani, anachagua mkate.

"Uliomba na nani?" mwalimu wake alimwuliza kesho yake. Mwalimu huyu alikuwa mama mnene wa sauti ndogo, shemasi kanisani, na kwa sauti hiyo ndogo alikuwa amewarudisha wengi darasani.

"Na yule mzee, mwalimu. Mwanzoni."

"Mwanangu, Bwana alipokutana na yule kipofu wa kando ya njia, alimwuliza anataka nini. Kila mtu alikuwa anaona tatizo ni macho, bado akauliza. Wewe unawajua watu kuliko Bwana?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi uliza. Ukishauliza, nyamaza usikie. Ziara ijayo nitakaa nyuma yako. Sala ikitangulia masikio tena, utarudia mwaka, wenzako wavae majoho wewe ukiwapigia makofi."

Askofu alitoka pale akihesabu siku zilizobaki kabla ya ziara. Kwao alikuwa wa kwanza kuingia chuo, na mama yake alikwishaanza kumtambulisha kwa watu kama mhitimu.

Ziara yenyewe ilikuwa kwa fundi wa nguo za kike, mama wa makamo aliyeshonea chumba cha mbele na kulala cha nyuma. Alikuwa amemchukua binti wa marehemu dada yake, mtoto mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu, wakamwita Sisimizi. Tangu aletwe, mtoto hakusema neno. Anakula, anaoga, anatumwa chumvi anakwenda, lakini kusema hasemi. Kutwa anakaa chini ya meza ya kukatia nguo, vitambaa vimening'inia mbele yake kama pazia.

"Wamekuja wazee wa kanisa, wamekuja na majirani," fundi alieleza huku mguu ukikanyaga cherehani. "Kila mmoja anamshika kichwa, anaomba, anaondoka. Utosi wa mtoto utaota sugu."

Mwalimu alipewa stuli pembeni ya mlango. Askofu akaitazama meza, sala ikampanda hadi kooni kama kikohozi katikati ya ibada. Akaimeza. Akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

"Nimekuja kukaa na wewe kidogo," aliliambia pazia. "Ukitaka niondoke, gonga meza."

Meza haikugongwa. Askofu akasubiri. Mguu mmoja ukafa ganzi, akaukunja mwingine, nao ukafa. Akamtupia mwalimu jicho, mwalimu akatazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa kule. Basi, kwa kukosa la kusema, Askofu akasema walilozoea kusema kwao wakisubiri chakula kiive.

"Kitendawili."

Askofu akaokota kipande cha kitambaa, akakizungusha kidoleni.

"Au nijitegee mwenyewe, nijijibu mwenyewe, watu wanione kichaa?"

Kitambaa kikatikisika. "Tega."

Cherehani ikasimama.

"Kutwa ananifuata, jua likizama ananikimbia."

"Kivuli," sauti ilijibu. "Hicho cha watoto. Kitendawili."

"Tega."

"Ana meno safu mbili, hajawahi kutafuna. Akicheka, mwenyewe unaaibika."

"Kitana."

"Kitana kinamwaibisha nani?"

"Msumeno?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

Ada ndiyo hiyo: ukishindwa kutegua unatoa mji, na mwenzako akiridhika nao ndipo akupe jibu. Lakini miji yote aliyoijua Askofu ilimtoroka kama kuku walioona kipanga, ikabaki ile ya shule ya Jumapili tu.

"Nakupa Yeriko."

"Kuta zilianguka. Nilale nje?"

"Ninawi, basi."

"Kule walifunga kula mpaka ng'ombe. Nitashiba na nini?"

"Bethlehemu."

"Vyumba vimejaa."

Mlangoni mwalimu akajifunika leso, akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani.

"Wewe mwenyewe unataka mji gani?" Askofu akauliza.

"Alipo mama."

Hapo mafungu ya Maandiko yakajipanga mdomoni mwa Askofu, yanasukumana kama watu kwenye mlango wa zahanati. Akauma mdomo.

"Huo sina wa kukupa," alisema. "Niambie unafikiri ukoje."

"Sijui. Ila huko lazima anawategea watu, na wanashindwa, na anawanyang'anya miji yote." Ndani ya sauti kulipita kicheko kidogo, kikakatika. "Huku hakuna anayetega."

Fundi akaiacha cherehani, akajifuta macho na blauzi ya mteja. "Sisimizi, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama mdogo."

"Mimi na mama yako tulilala kitanda kimoja mpaka anaolewa. Tulikuwa tunategeana hadi baba anagonga ukuta. Nusu ya vitendawili vyake kaniibia mimi."

Kichwa kikachomoza kati ya vitambaa, kina uzi kwenye nywele. "Muongo."

"Mama mdogo wako anaitwa muongo?"

"Basi tegua changu."

Fundi hakuchelewa. "Zipu."

Sisimizi akamkodolea macho, kisha akamgeukia Askofu. "Wewe hutaniombea? Wote wanaokuja wananiombea."

"Unataka?"

Mtoto akafikiri kama mtu anayechagua vifungo. "Leo hapana. Leo tutege."

"Sawa," Askofu alisema, akashangaa jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi.

Mwalimu akainuka, stuli ikalia. Akamwinamia Askofu sikioni. "Umefaulu. Ziara ijayo njoo peke yako, mimi nina wengine wa kuwatisha."

Askofu hakuwa na nafasi ya kushukuru, maana Sisimizi alikuwa ameshatoka mzima mzima chini ya meza, amesimama katikati ya chumba, amekunja mikono.

"Hakuna kuondoka. Kitendawili."

"Tega," wakajibu wote watatu.

"Anakaa mlangoni hasemi kitu, na wakubwa wanamwogopa."

Fundi akamtazama mwalimu, Askofu akatazama sakafu, na mwalimu mwenyewe, aliyekuwa na uhakika ni mbwa, akasema mbwa.

"Sio. Nyie wawili?"

Waliojua jibu walikuwa wawili, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Basi miji mitatu," Sisimizi alisema, akanyoosha kiganja. "Na Yeriko sitaki."