Sauti Yangu Yafunga Virago

Usiku wa jana, baada ya kulia kidogo kwenye mto, kiume kabisa, niliota sauti yangu inafunga virago.

Nilikuwa na haki ya kulia. Mimi, Mhina wa kidato cha pili, ndiye ninayeanzisha wimbo wa mahafali shuleni kwetu hapa Muheza. Shule nzima inaniita Filimbi. Jana kwenye mazoezi nikafungua kinywa, sauti ikapanda vizuri, halafu katikati ikaporomoka na kutoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Kwaya ilicheka mpaka Tunu akashika ukuta. Mwalimu Kaniki hakucheka, alisema tu: "Kesho asubuhi nakusikiliza tena, Mhina. Ikigoma, Tunu ndiye ataanzisha."

Tunu! Yule anayeimbia puani! Nilirudi nyumbani sitaki hata chai.

Basi, kwenye ndoto naamka, namkuta mtu mfupi amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Mwembamba, kavaa kaptula yangu ya darasa la tatu, anakunja vitu vyake ndani ya shuka. Namtambua hapo hapo. Ni sauti yangu.

"Unakwenda wapi?" namuuliza. Nauliza kwa midomo tu, maana sauti yenyewe ndiyo ile pale.

"Nahama," inajibu. "Mafundi wamekuja."

Kweli, dirishani wanaingia homoni, mmoja baada ya mwingine, wamevaa ovaroli, wamebeba mbao na ndoo. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Wa mbele ana penseli sikioni na mabega ya kutisha.

"Shikamoo, fundi," nasema. Hata ndotoni nina adabu zangu.

"Marahaba, dogo. Mimi ni Testosteroni. Tunapanua."

"Mnapanua nini?"

"Wewe."

Mmoja anaikamata miguu yangu na kuivuta. Mwingine yuko kwapani anapanda nywele kwa mistari, kama mahindi. Wa tatu kanikalia shavuni anapigilia chunusi kwa nyundo, na anapiga mluzi.

"Hizo za shavuni za nini?"

"Vumbi la ujenzi," anasema Testosteroni. "Osha uso, usizibinye. Litatulia."

"Nani kawatuma? Mimi sijaomba kujengwa!"

"Bosi. Yeye anaagiza kutoka juu, sisi tunatoka karakana ya chini, huko kwenye korodani. Twende ukamuulize mwenyewe."

Tunapiga hatua moja na tumeshafika ndani ya kichwa changu. Ni ofisi yenye zulia. Nyuma ya meza kubwa kuna kiti kikubwa, na juu ya kiti kuna punje moja ya njegere.

"Ndiye tezi ya pituitari," Testosteroni ananinong'oneza na kuvua kofia.

"Shikamoo, bosi," naiambia njegere.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Bosi, nakuomba msubiri mahafali yapite. Nina wimbo."

"Hatusubiri mahafali," inasema njegere. "Kila mtu ana wakati wake. Tunu nilianza naye akiwa darasa la sita. Wewe nilikuacha kwanza uimbe, na sikusikia hata asante."

"Asante, bosi."

"Haya. Sauti nyingine achukue kwenye urithi. Mpeleke."

Njia inashukia kooni. Hapo kwenye zoloto naona nyuzi zangu za sauti zimefungwa kama kamba za kuanikia nguo, na mafundi wanazivuta na kuzinenepesha. Testosteroni anaugusa mmoja kwa kidole. Unalia kama ng'ombe.

"Fupi na nyembamba, zinalia juu," anafafanua. "Ndefu na nene, zinalia chini. Zikiwa katikati ya matengenezo, zinalia mbuzi. Wewe jana uliimbia jengo ambalo halijaezekwa."

Jamani, kumbe! Na watu wakanicheka!

Nasukuma mlango na kujikuta kwenye ukumbi wa harusi. Kromosomu zimekaa jozi ishirini na tatu, za upande wa baba kulia, za upande wa mama kushoto, zinatazamana kwa heshima za wakwe. Jozi ya mwisho hailingani: bibi mrefu wa upande wa mama, na karibu yake kibwana kifupi kimetulia na koti lake.

"Mimi ni Y," kinasema hicho kifupi bila kuulizwa. "Nimetoka kwa baba yako. Bila mimi ungekuwa msichana."

"Na kelele zingepungua," anasema bibi X.

Kitu kinanigusa mguu. Chini ya mkeka kuna ndewe ya sikio, imejikunyata.

"Usimwambie mtu," inanong'ona. "Mimi ni tabia inayojificha. Nikiwa peke yangu siruhusiwi kuonekana. Tukiwa wawili, mmoja wa kwa baba na mmoja wa kwa mama, ndipo tunatoka."

"Umejificha tangu lini?"

"Tangu kwa bibi yako. Mgongo unaniuma."

Bibi mmoja wa upande wa mama, mnene, kajifunga kanga kifuani, ananiita kwa kidole. "Mjukuu wangu, njoo upokee mzigo wako." Anafungua sanduku na kutoa sauti kubwa, nzito, imekunjwa kama koti la mvua. Inanukia mkonge.

"Hii ya nani, bibi?"

"Ya Mzee Semhando, baba wa mama yako. Alikuwa nyapara kwenye mashamba ya mkonge. Akiita mtu, wanageuka hata wa shamba la jirani."

Babu Semhando simjui. Alifariki mama akiwa darasa la nne. Tuna picha yake moja sebuleni, na picha haisemi. Nikauliza kwa nini basi wanipe mimi.

"Mama yako ndiye aliyeibeba," anasema bibi. "Yeye mwenyewe asingeweza kuivaa, alikuwa anaitunza tu bila kujua. Miaka yote hiyo anatamani kuisikia, kumbe anatembea nayo."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikavaa. Mikono ya sauti ikapita magoti.

"Inanipwaya."

"Utaijaza. Na hiki ni kikohozi chake, kinakuja pamoja nayo. Kifupi kwanza, kisha kirefu."

"Kikohozi sikitaki, bibi."

"Hatutenganishi!" wanapaza wote ukumbi mzima.

Nikageuka kumtafuta yule mfupi wangu nimuage. Nikamkuta kashaingia ndani ya koti na virago vyake, anachungulia kwenye kola.

"Wewe si unahama?"

"Nahamia hapa, mjinga wewe. Mimi nitakwenda wapi? Nimepata chumba kikubwa!"

Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaruka. Nikakohoa kifupi, nikakohoa kirefu, nikaanzisha wimbo wa mahafali chini kabisa, kule ambako Tunu hafiki hata kwa ngazi. Kromosomu zikasimama. Vigelegele! Kila jozi ikakumbatiana, zikawa zinabadilishana vipande vya kanga. Kibwana Y akapanda juu ya kiti kucheza, Testosteroni akagonga ndoo kwa nyundo, na ndewe ikatoka chini ya mkeka kucheza kidogo kisha ikarudi. Ndoo ikagongwa kwa nguvu, nikaamka.

Asubuhi. Koo kavu. Mama yuko uani anakaanga maandazi, nasikia mafuta yanachemka. Nilitaka tu kumwomba maji. Nikakohoa, nikaita, "Hapo nje!"

"Abee!" akaitika mama.

Kisha upawa ukaanguka chini.

Kwetu, abee ni itikio la mtoto wa kike anapoitwa na mkubwa wake. Mimi mama hajawahi kuniitikia hivyo tangu anizae. Mimi huniitikia, "Unasemaje wewe?"

Akatokea mlangoni, unga mpaka viwikoni, anatazama kila pembe ya chumba kabla hajanitazama mimi.

"Nani kakohoa?"

"Mimi, mama."

"Nani kaita?"

"Mimi."

Akaweka mkono wa unga mdomoni. Akakaa pale pale kwenye kizingiti, anacheka, machozi yanamtoka, anacheka tena. Maandazi yanaungua, hana habari nayo.

"Mama, Mwalimu Kaniki ananisikiliza leo. Akisema nimeharibika je?"

"Aseme!" akasema mama. "Utaanzisha kwa hiyo hiyo. Asipoitaka, mwambie aje aniulize mimi." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila kabla hujaondoka, baba, kohoa tena. Kisha uite."

Nikakohoa, kifupi, kisha kirefu. Nikaita.

"Abee," akaitika mama, taratibu, amefumba macho.