Majogoo Kwenye Tenga

Katika kiwanda cha kutotolesha vifaranga, dada mkubwa aliitwa Jicho, kwa sababu hakosei. Wenzake walimtania kwamba hata yai akilitazama tu atakwambia kama ni shangazi au mjomba. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliitwa Kitinda. Alipopata kazi hapo waliwekwa meza moja.

"Fungua bawa taratibu," Jicho alimfundisha. "Manyoya yakipishana, marefu kwa mafupi, huyo jike. Yakilingana, dume."

"Na madume wanaenda wapi?"

Jicho alisukuma pipa kwa mguu. Ndani yake kulisikika vilio vyembamba, vingi.

"Hawatagi, mdogo wangu. Nani atawalisha? Wewe tazama bawa, usitazame uso."

Kitinda alijitahidi. Vidole vikawa vyepesi, moyo ukagoma. Siku moja alimfungua kifaranga bawa, akaona wazi ni dume, akamtia kwenye boksi la majike. Hakuna aliyemwona. Kesho yake akaokoa wengine. Usiku akalala usingizi wa pono, jambo ambalo hakuwa amelipata tangu aanze kazi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaja mjane mmoja, mfugaji, na tenga kichwani. Alilitua mbele ya msimamizi. Ndani majogoo walikuwa wamebanana, wanawika.

"Nilinunua wa mayai," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kulia. "Nimeuza hadi cherehani yangu kuwalisha. Nangoja mayai, nasikia wanawika. Karibu nusu ya banda."

Boksi la vifaranga alilolishika mkononi lilikuwa na alama ya meza ya wale ndugu wawili. Msimamizi akawaita. Jicho alimtazama mdogo wake mara moja tu, akaelewa.

"Ni mimi, bosi," Jicho akasema. "Macho yangu siku hizi yananidanganya."

Alifukuzwa kazi kabla ya mchana. Alipokuwa akivua aproni, mmoja wa wenzake alinong'ona kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha, na wengine wakacheka.

Jioni Kitinda alimkuta dada yake jikoni, anachambua mchele.

"Nisamehe, dada. Niliwaonea huruma."

"Najua. Na yule mama, nani amemwonea huruma?"

Kitinda akakaa chini, sakafuni. "Kesho nitasema ukweli."

"Ukisema, nami nitakuwa nimewadanganya. Tutakosa kazi wote. Nyamaza tu."

Akanyamaza, na kunyamaza huko kukamla kama mchwa. Jicho alizunguka kutafuta kazi, lakini habari ya macho yake ilimtangulia kila kiwanda alikobisha hodi. Mwishowe akaangukia kufua nguo za watu, na vile vidole vilivyojua bawa jepesi la kifaranga vikapasuka kwa sabuni. Mjane hakuonekana tena kiwandani. Kitinda aliuliza habari zake, akaambiwa banda lake limebomolewa.

Yeye alibaki mezani peke yake. Hakukosea tena.

Jioni moja wakiosha vyombo, Jicho akauliza, bila kumgeukia:

"Leo walikuwa wengi?"

"Wengi, dada."

"Madume wote pipani?"

"Wote."

Jicho akamwachia sahani aifute, akaenda kulala mapema.